Tita la Wifi

Walipofika kwenye maji ya kwanza jua lilikuwa halijatoa hata ukucha, na tayari Sindano alikuwa amemchukia wifi yake mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mlangoni, wifi alipowachelewesha kwa kutafuta kofia. Ya pili njia panda, aliposimama katikati ya barabara, kidole mdomoni, eti amsikilize ndege. Ya tatu ilikuwa sasa hivi: mwanamke huyo alikuwa amevua viatu, ameviweka juu ya jiwe kwa adabu kama anayeingia nyumba ya watu, ameingia mtoni hadi magotini na mzigo wake mkononi.

"Wifi," Sindano aliita kutoka ukingoni, "tumeamka alfajiri ili tufike mchana, au tumeamka ili ukaoge?"

"Vyote," wifi akajibu bila kugeuka.

Sindano alikuwa amepewa jina hilo utotoni kwa ajili ya mwili wake mwembamba. Baadaye likabaki kwa ajili ya ulimi wake, na hakuna aliyekumbuka lilihama lini. Wifi yake, mke wa kaka yake wa pekee, yeye alimbandika jina la Polepole. Alianza kwa kumsengenya nalo, kisha akamwita hivyo usoni. Kilichomuudhi ni kwamba mwenzake alilipokea na kuliitikia kama mtu aliyepewa cheo.

Walikuwa safarini kwenda kwenye warsha ya kusuka vikapu, ng'ambo ya milima, katika ghala kuukuu la umoja wa wanawake. Kila mwaka kwa mwezi mzima wanawake wa huku na huko walikusanyika pale kujifunza, na kwa miaka ishirini mwalimu wao alikuwa mama yake Sindano. Kila mwaka alitoka nyumbani kwa miguu, tita la chane begani, yale majani ya ukindu yaliyochanwa vipande vyembamba vya kusukia, akakata milima na kuvuka maji matano. Mvua zilizopita zilipoisha, mama naye akaisha. Kigoda alichokalia akifundisha kikabaki wazi.

Ndipo ikaja barua ya Mwenyekiti wa umoja, fupi kama amri: *Njooni wote wawili, kwa miguu kama alivyokuja yeye, na chane zenu mgongoni. Kila mmoja atasuka kikapu kimoja cha mfuniko. Atakayesuka mfuniko unaoshika ndiye atakayekaa.*

Kila aliyemjua mama alijua maana ya kushika. Kikapu chake ulikifunika, ukakianika juani kutwa, ukakipindua chini juu ukakitikisa, na mfuniko haukutoka. Ulishika kama kizibo cha chupa, bila uzi wala kishikizo.

Sindano alikitaka kigoda kile kuliko alivyowahi kumtaka mwanamume yeyote, na wanaume wawili waliowahi kumposa wangeweza kulithibitisha hilo. Mama ni wake, kigoda ni cha mama: hesabu ya darasa la pili. Aliyeolewa na kaka anaingiaje humo? Lakini kulikuwa na jambo ambalo Sindano hakumwambia mtu. Tangu mama afariki alikuwa amesuka vikapu kumi na kimoja vya mifuniko. Vyote vilitoka imara, mistari imenyooka, mtu anaweza kuvibusu. Na vyote, baada ya siku moja ya jua, vililegea vikafungua vipengo kama meno ya mtoto, mifuniko ikadondoka. Alilaumu jua. Akalaumu ukindu wa mwaka huu. Akalaumu jicho la jirani. Cha kumi na mbili alipanga kukibana kwa nguvu zote, hata vidole vitoke damu.

"Toka majini twende!"

Wifi akatoka taratibu. Mkononi tita lake lilikuwa linachuruzika, shuka kuukuu alilolifungia limelowa chapachapa. Sindano aliliona akacheka puani. Hata mzigo hajui kuubeba, angalia, ameutumbukiza. La kwake yeye lilikuwa ndani ya gunia, kavu, safi, limefungwa mafundo mawili kama mbuzi mkorofi.

Wakaanza kupanda.

Njia ile haikuwa na haraka yoyote. Ilizunguka pale ambapo ingeweza kunyooka, ikapita chini ya miti mirefu iliyodondosha umande shingoni, ikatokeza kwenye nyasi za kufika kiunoni zilizokuwa zimejaa vipepeo weupe. Wifi alitembea katikati ya hayo yote kama mtu aliyealikwa. Aligusa magome. Alinusa majani. Aliokota unyoya akauchomeka kwenye kofia, kisha akamwonyesha Sindano.

"Nikutafutie na wewe?"

"Nitafutie mke mwingine wa kaka yangu."

"Huyo ukimpata mlete, anisaidie kufua," wifi akasema. "Kaka yako na soksi zake, ningekuwa na mwenza ningeshukuru."

Sindano akakaza mwendo. Ubaya wa kugombana na Polepole ulikuwa huo: hakuwahi kukimbia na hakuwahi kuja juu. Alikaa palepale alipo, akakungojea ujigonge.

Kwenye maji ya pili, chemchemi ndogo chini ya mwamba, wifi alikunywa, akanawa uso, kisha akalirushia tita lake matone machache kwa ncha za vidole, kama mtu anayepiga pasi nguo ya shule. Halafu akapotea kichakani. Sindano alisimama na kuhesabu hadi mia tatu. Wifi aliporudi, kofia ilikuwa imejaa matunda pori meusi na midomo imekuwa ya zambarau.

"Kula."

"Sijaja kula."

"Mama alikuwa anakaa hapa mpaka anamaliza kofia nzima. Alikuwa anasema mtu asiyekaa hapa—"

"Usinisimulie mama yangu."

Ilitoka kwa ukali hata ndege waliokuwa juu ya mwamba wakaruka. Wifi akatia tunda mdomoni, akalitafuna bila haraka, akatema kokwa.

"Sawa," akasema. "Sikusimulii. Lakini miaka tisa nimetembea naye njia hii. Wewe ulikuwa wapi?"

Sindano alijua alikuwa wapi. Alikuwa na miaka minane siku mama alipomchukua mara ya kwanza. Alifika hapohapo kwenye chemchemi, malengelenge miguuni, akalia mpaka akarudishwa mgongoni kwa mpita njia. Tangu siku hiyo kila mwaka alisema: mama, si kuna lori la mizigo, linazunguka kwa barabara, linafika kwa saa mbili, miguu ya nini? Na mama kila mwaka alijibu: njoo utembee, utajua. Sindano aliyapokea maneno yale kama kemeo. Akakaa nyumbani, akanoa vidole vyake na ulimi wake.

Wakafika maji ya tatu, maporomoko yenye dimbwi la kijani. Wifi alilifungua tita lake lote, akazitandaza chane juu ya kichaka upande wa kivuli, kisha akapanda jiwe refu kutazama mabonde. Aliita, "Wifi, njoo uone! Mashamba yote yale yanaonekana kama viraka!" Sindano akapanda hatua nne, akayaona, na kwa muda wa pumzi moja kifua chake kikafunguka. Kijani kilichofuatana na kijani, moshi mwembamba wa jiko la mtu, kivuli cha wingu kikitembea juu ya kilima kama mkono. Akakumbuka ni nani aliyemwita aje aone. Akashuka.

"Nimeshaona viraka. Nguo zako zinavyo vya kutosha."

Maji ya nne yalikuwa tope na matete. Pale wifi hakugusa kitu, alipita tu akiimba. Na ya tano, kijito chenye kina kwenye msitu wa mikuyu, nusu saa tu kabla ya ghala, ndipo alipotangaza kwamba anaoga.

"Unaoga."

"Nanuka jasho. Tunaingia mbele za watu." Alikuwa ameshaanza kuvua. "Nishikie mzigo, weka kivulini. Usiuweke juani, tafadhali."

Hilo "tafadhali" ndilo lililomchokoza Sindano. Wifi hakuwa na tabia ya kumwambia tafadhali. Alipokuwa ameshatumbukia na kuanza kujipigia kelele za baridi nyuma ya mizizi mikubwa, Sindano alikaa chini, akalivuta lile tita hadi mapajani. Akalifungua. Lilikuwa na fundo moja la kitanzi, ukivuta tu limeachia. Akatoa chane moja, akaikunja.

Ilijikunja kama utepe. Akaikunja zaidi, akaizungusha kwenye kidole kidogo, akaifunga fundo. Haikuvunjika, haikulia. Lakini haikuwa na maji pia; aliifinya kwa ukucha, ukucha ukabaki mkavu. Ilikuwa laini na imekauka kwa pamoja, jambo ambalo kwa miezi mingi mbele ya beseni lake hakuwahi kulipata. Za kwake akiziloweka zilinenepa, akisuka zikiwa nene, jua likija zinakonda na kuacha vipengo.

Akatoa chane moja kutoka kwenye gunia lake, akaikunja. *Tak.*

Basi ndiyo hayo. Kuchovya, kunyunyiza, kutandaza kivulini, kupita bila kugusa, kuliacha tita kivulini ukioga. Mama hakuwa akipunga upepo njiani. Alikuwa kazini tangu anatoka mlangoni. Na kazi hiyo, mama aliyemzaa yeye, alikwenda kumpa mtoto wa watu.

Wifi aliimba nyuma ya mizizi.

Sindano hakusita. Alikuja kujishangaa baadaye kwa hilo. Chane zilikuwa za ukindu uleule, wa shamba lilelile la mama, zimechanwa upana mmoja. Alitoa za wifi akazitia kwenye gunia lake, akatia za kwake kavu ndani ya shuka lenye unyevu, akafunga. Akaliweka tita kivulini, kama alivyoagizwa.

"Twende basi," wifi akasema, akikamua nywele. "Sasa nanukia kama mtu."

*

Ghala lilikuwa la mabati na sakafu ya saruji iliyopasuka, na milango mikubwa miwili iliyoachwa wazi ili mwanga uingie. Wanawake kumi na wanne walikuwa wamekaa juu ya mikeka kando ya kuta, wote wageni wa mwaka huu, na kila mmoja alikuwa amekuja kumwona atakayemfundisha. Katikati kulikuwa na kigoda cha miguu minne, kimelika upande mmoja. Sindano aliukumbuka upande ule. Mama alikuwa akikaa ameegemea kushoto.

Mwenyekiti aliwapokea akiwa na filimbi shingoni na miwani iliyofungwa kwa uzi upande wa sikio moja.

"Shikamoo mama," wote wawili wakasema.

"Marahaba. Mnywe maji, mkae, msuke. Marehemu hakuwa analala kwanza." Akapuliza filimbi, ingawa walikuwa mbele ya pua yake.

Wakakaa, kila mmoja na shazia yake, ile sindano nene ya kushonea vikapu. Sindano akafungua gunia. Alisikia wifi, pembeni yake, anatafuta kitanzi cha kuvuta. Hakikuwepo. Kulikuwa na mafundo mawili.

Sindano hakuthubutu kugeuza kichwa.

Wifi akayafungua mafundo moja baada ya jingine. Akatoa chane. *Tak.* Akatoa nyingine. *Tak.* Sindano alingoja kuaibishwa. Aliandaa majibu: umezichanganya mwenyewe, umeziweka juani, una ushahidi gani? Aliyaandaa vizuri, yalikuwa makali.

"Mama Mwenyekiti," wifi akasema, "mimi sisuki."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Chane zangu hazijaiva." Akalifunga tita tena, safari hii kwa kitanzi. "Mwache wifi asuke. Nitamtazama tu."

Na akamtazama. Alivuta mkeka akaketi mbele yake, mkono shavuni, kama mtu anayetazama sufuria ya mwenzake. Sindano akasuka. Loo, alisuka! Chane zilimtii kama nywele za mtoto aliyepakwa mafuta. Kitako kikatoka, kuta zikapanda, mfuniko ukazunguka, na kabla jua halijazama kijikapu cha ukubwa wa ngumi mbili kilikuwa kimekaa sakafuni. Uzuri wake ulimtia uchungu, maana kwa kila mshono macho ya wifi yalikuwa juu ya vidole vyake, na hayakupepesa.

Kesho yake kikashinda juani juu ya bati. Jioni wote wakakusanyika. Mwenyekiti akakipindua chini juu, akakitikisa. Mfuniko ukashika. Akakitikisa tena, akipiga na kofi kwenye kitako. Ukashika. Wanawake wakapiga vigelegele, na mmoja wao, mshona nguo mwenye mwili na sauti ya kuuzia sokoni, akapaza: "Huyo ndiye mtoto wa mama yake!"

Sindano akakaa kwenye kigoda. Kiliyumba kushoto.

Wifi alingoja watu watawanyike. Kisha akaja, akainama sikioni.

"Hongera. Mkono unao, hilo sikunyimi. Kesho asubuhi utawaambia nini?"

"Haikuhusu."

"Wana chane kavu, kumi na wanne wote. Utawaambia wafanye nini nazo?"

"Wataloweka."

"Kwenye beseni?"

"Kwenye beseni!"

Wifi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, mpaka machozi yakamtoka, na hakukuwa na furaha hata chembe katika kicheko kile.

"Mwizi wewe," akasema alipopata pumzi. "Umeiba wali uliopikwa, sufuria hujui liko wapi. Maji ya kwanza muda gani? Ya tatu kwa nini kivulini? Kwa nini ya nne nilipita? Haya niulize. Neno moja tu: nifundishe. Nitakwambia hapahapa."

"Nikuulize wewe? Bora nimeze shazia."

"Basi meza." Wifi akajinyoosha mgongo. "Nimekula dharau zako miaka tisa, wifi. Nilikaa na mama yako mpaka pumzi ya mwisho, wewe ukasema nakaa nilambe sahani. Sasa sahani hiyo, lamba. Mimi kesho narudi nyumbani. Polepole."

"Mbona hukusema mbele ya Mwenyekiti?"

"Ili upate cha kujitetea? Thubutu."

*

Asubuhi wanawake kumi na wanne walikuwa wamekaa nusu duara, kila mmoja na beseni lake la maji na tita lake kavu. Sindano alikaa kwenye kigoda akayatazama mabeseni. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliweza kumwona wifi yake getini, anafunga kamba za kofia, anaaga, anaondoka. Hakugeuka nyuma.

"Mwalimu," mshona nguo akasema, mikono ya gauni ameshaikunja, "tuzitie?"

Neno lilikuwa tayari ulimini mwake. *Tieni.* Lingetoka tu. Wangetia, wangesuka, vikapu vingetoka imara kama vyake kumi na kimoja, na keshokutwa Mwenyekiti angevipindua kimoja kimoja. Mifuniko kumi na minne ingedondoka kwenye saruji, na kila mmoja ungedondoka na jina la mama. Si jina la Sindano. Yeye nani alimjua? Wangesema kumbe yule mama alikuwa hana cha kufundisha.

"Mbona umekaa?" Alikuwa Mwenyekiti, mlangoni, akifuta miwani. "Mama yako siku ya kwanza hakukaa. Aliwatoa wote nje na mizigo yao, wakarudi jioni wameloa wanacheka. Walikokwenda sikujua, magoti yangu haya hayajui milima."

Sindano akasimama. Akakichukua kigoda, akakitia kichwani.

"Acheni mabeseni," akasema. "Shikeni matita. Tunatembea."

"Wapi, mwalimu?"

"Mbele."

Alitembea kama anayefukuzwa. Wanawake walimfuata kwa mstari, wakiuliza majina ya miti, wakichuma vitu, na mshona nguo akihema na kusema kwamba angejua kusuka kunataka miguu angebaki na cherehani yake. Sindano hakusikia kitu. Alikuwa akiitafuta kofia yenye unyoya.

Aliiona kwenye kijito cha mikuyu. Wifi alikuwa ameketi juu ya mzizi, miguu majini, kofia imejaa matunda mapajani. Hakuonekana kushangaa. Alitazama mstari mzima ukishuka kutoka juu, mmoja mmoja, akauhesabu kwa kidole.

"Kumi na wanne na mmoja," akasema. "Mmekuja kuoga?"

Sindano akakishusha kigoda. Shingo ilikuwa inamuuma. Maneno aliyoyahitaji yalikuwa machache, na hakuna hata moja lililotaka kutoka.

"Wifi."

"Abee."

"Waonyeshe."

"Mwalimu ni wewe. Nilikuona ukikaa." Akatia tunda mdomoni. "Waambie kwanza kile kikapu kilisukwa kwa chane za nani."

Wanawake wakatazamana. Sindano akageuka nusu, akamwona mshona nguo mbele kabisa, macho yametoka, mdomo uko tayari kubeba. Huyo kabla ya jioni angekuwa ameshamfikishia Mwenyekiti. Huyo angelifikisha hata nyumbani, hata kwa kaka, hata kaburini kwa mama kama njia ingekuwepo.

"Chane zilikuwa zake," Sindano akasema.

"Sauti," wifi akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Damu ilimpanda Sindano mpaka masikioni. Kama angekuwa na jiwe mkononi angelirusha. Alikuwa na tita tu.

"Zilikuwa zake!" akapiga kelele, na msitu mzima ukamrudishia. "Niliziiba hapahapa, alipokuwa anaoga! Za kwangu zilikuwa kavu! Sijui kuziivisha! Mnataka nini kingine?"

Hakuna aliyetaka kingine. Mshona nguo alifunika mdomo kwa kiganja.

Wifi akanyanyuka, akajifuta miguu kwa utulivu, akaja, akakichukua kigoda. Akautazama mguu wake uliolika, akausukumia kokoto chini yake kwa kidole cha mguu, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo mara nyingi. Akakaa. Hakikuyumba.

"Haya. Matita majini, wote. Fundo lisilegee. Mnachovya mpaka mapovu yaache kupanda, si zaidi. Aliyechoka kusimama asimame hivyohivyo." Kisha, bila kuinua macho: "Na wewe. Unangoja kualikwa?"

"Nakuchukia," Sindano akasema.

"Nakujua. Vua viatu."

Sindano akavua viatu. Akavirusha ukingoni, kimoja huku kimoja kule, akaingia mtoni kwa hasira, na nguo zake zote. Maji yalimshika vifundoni, yakapanda magotini, ya baridi, mepesi, yanayonukia majani. Miguu yake iliyokuwa ikiwaka moto tangu juzi ikanyamaza ghafla. Alifumba macho. Lilikuwa jambo tamu, tamu kupita kiasi, na alijua kwa hakika kwamba yule mwanamke kwenye kigoda alikuwa anaona.

Akalitumbukiza tita. Mapovu yakapanda, mengi, kisha machache, kisha moja moja.

"Toa."

Alilishikilia kidogo, kwa makusudi.

"Nimesema toa, wifi!"

Akatoa.